Aliyeitika kwa Jina la Chelimo

Nyumba ya Mwalimu Kimeli haikuwa na ng'ombe. Haikuwa na zizi, haikuwa na ndama, haikuwa hata na mbuzi wa kusingiziwa. Ilikuwa nyumba ya matofali ya misheni kando ya barabara ya Kiplombe, paa la mabati, sakafu ya saruji ambayo mkewe Jepkemboi aliipiga deki mpaka mgeni akaona aibu kuikanyaga. Kwa hiyo jioni ile Kimeli alipofungua mlango akapokewa na harufu ya samadi mbichi, alidhani ni viatu vyake. Akavivua, akavigeuza, akavitazama chini. Vilikuwa safi.

"Mama Chelimo," aliita, "nani ameleta ng'ombe hapa?"

Jepkemboi alikuwa jikoni akichemsha maji, mtoto mchanga kamfunga mgongoni. "Hakuna mtu ameleta ng'ombe," alijibu polepole. "Hiyo harufu inakuja wakati ng'ombe za watu zinarudi. Halafu inaenda. Asubuhi pia, zikitoka kulisha."

Alisema hivyo huku akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomtia Kimeli wasiwasi kuliko harufu yenyewe.

Mjini Eldoret, mji ambao wazee wa Kinandi bado waliuita Sisibo, Kimeli alijulikana kama Mwalimu wa Mifupa. Alisoma Makerere, akafundisha hesabu katika shule ya misheni, kisha profesa mmoja Mwingereza aliyekuja kupima mawe ya kale akamwona ana jicho kali, akamtafutia nafasi ng'ambo kusomea akiolojia. Wazee wa kwao waliposikia kijana wao amevuka bahari kwenda kusomea wafu, waliulizana kama wafu wa huku wamekwisha. Mnandi hagusi maiti hivi hivi. Akigusa, atanyolewa, ataoshwa, atakaa kando na watu mpaka atakasike. Na huyu wao alikuwa akipewa cheti kwa kuwashika!

Huko ng'ambo ndiko telegramu ilikomkuta. Chelimo, binti yake wa pekee, alikuwa amekufa kwa dondakoo. Alikuwa na miaka sita. Telegramu ilipitia kwanza kwa profesa, ambaye alikuwa likizo, hivyo Kimeli alipoisoma mtoto alikuwa ameshazikwa nyuma ya kanisa na majani yameanza kuota juu yake. Siku ile hakulia. Alirudi maktaba akaendelea na sura aliyokuwa akiisoma, sura ya meno. Tusimhukumu upesi. Kuna huzuni inayomshika mtu hata asijue aanze kulilia wapi, na Kimeli hakuwa na mtu wa kumwonyesha mahali pa kuanzia.

Aliporudi nyumbani, Jepkemboi alimpeleka kaburini mara moja tu. Majirani nao, kwa huruma, waliacha kumwita Mama Chelimo. Walimwita Mama Mwalimu, na kila alipoitwa hivyo aligeuka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa makosa.

Kimeli akajitia katika kazi. Kwenye shamba la Kaburu mmoja upande wa Soy yalikuwepo yale mashimo makubwa ya mviringo yaliyozungushiwa mawe, ambayo Wanandi husema ni ya Wasirikwa, watu waliokuwa na ng'ombe kwenye nchi hii kabla yao, wakaondoka bila kuaga. Kaburu alitaka kuyafukia apande ngano. Profesa alimwomba asubiri kidogo, Kaburu akakubali kwa manung'uniko. Kimeli akapewa vibarua na msimamizi wao, Wepukhulu, Mbukusu mrefu mwenye mikono mipole kuliko ya mkunga, na akaambiwa aandike kitabu juu ya maisha na mauti ya watu wale: walikula nini, walilala wapi, walizikana vipi. Profesa alimwahidi waziwazi. Kitabu kikifika kikiwa na mifupa ya mtu mmoja kamili asiyepungua kidole, kiti cha mhadhiri kingekuwa chake, na hapakuwa na Mwafrika wa nchi hii aliyewahi kukalia kiti kama hicho.

Wakachimba msimu mzima. Walipata majivu, vigae, mifupa ya ndama. Halafu siku moja, chini kabisa ya ukuta wa mawe, Wepukhulu alifagia udongo kwa brashi akasimama.

Alikuwa mtoto. Alilala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu, na shingoni ushanga wa maganda ya yai la mbuni. Mtu alikuwa amemlaza vizuri. Kimeli alipiga magoti, akapuliza vumbi kwenye taya. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, na kule nyuma jego la kwanza la utu uzima lilikuwa likichungulia tu. Alijua maana yake kabla ya kupima chochote. Miaka sita. Hapo kitu kilimpasuka ndani, kile ambacho hakikupasuka maktaba, na mdomo wake ukasema wenyewe, "Chelimo."

Wepukhulu aliweka brashi chini. "Mwalimu, umeita nani?"

"Sijaita mtu," Kimeli alisema akijifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Lazima awe na jina la kazi. Hatuwezi kusema namba kila saa."

"Sisi kwetu, mtu kama humjui, humpi jina. Ukimpa jina ni wako. Utamlisha wewe?"

"Wepukhulu, huyu amekufa kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Hali kitu."

Wepukhulu akacheka kidogo ili mkubwa wake asione haya, na jina likabaki. Ndivyo kazi ilivyo. Vibarua wakaanza kusema, "Leo tunatoa mguu wa Chelimo," na "Chelimo amefunikwa? Mvua inakuja." Walilitumia mpaka likazoeleka, asubuhi na jioni, juu ya shimo lile. Kwenye kisanduku cha mbao alichofungwa ndani ya pamba, Kimeli aliandika namba tu, kwa sababu profesa asingependa mambo ya huruma. Akakipeleka nyumbani, akakiweka katika chumba cha ofisi, kisubiri kitabu kiishe ndipo kisafirishwe kwa treni.

Jepkemboi hakujua lolote kuhusu jina hilo. Alikuwa na mimba kubwa, na mambo ya mifupa hakuyauliza.

Alijifungua mtoto wa kike mikononi mwa Mama Chepkorir, mkunga mzee wa Kiplombe aliyejulikana kwa dawa zake za miti, ugoro wake, na ulimi usiomwogopa hata mchungaji. Wote walikuwa Wakristo, lakini kuna mambo ambayo Mkristo wa Kinandi huyafanya kabla mchungaji hajaamka. Mtoto akizaliwa, wanawake humzunguka na kuyataja majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, wakiuliza ni nani aliyerudi. Jina linapotajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye. Furaha inaanza, na maisha yanaendelea.

Mama Chepkorir alimtaja nyanya ya Kimeli. Mtoto kimya. Akamtaja nyanya ya nyanya, na shangazi waliozeeka wakafa wakiwa na wajukuu. Mtoto akatazama tu dari. Jepkemboi, jasho bado halijamkauka, akamshika mkunga mkono.

"Mama, mwite Chelimo."

"Nyamaza, mtoto wangu. Mtoto mdogo haitwi. Tunaita wazee, wale wanajua njia. Yule mdogo atakujaje peke yake?"

"Mwite mara moja tu. Mara moja, Mama, na sitasema tena."

Mama Chepkorir alikuwa amemzalisha huyo Chelimo wa kwanza, na yeye ndiye aliyemfunga kidevu alipokufa, kwa hiyo moyo wake haukuwa wa jiwe. Akainama kwenye sikio la kichanga, akauliza kwa kunong'ona, "Chelimo?" Na mtoto akapiga chafya mbili kubwa mpaka mwili mzima ukaruka.

Vigelegele vilitoka nje ya nyumba. Kimeli, aliyekuwa akizungukazunguka chini ya upenu wa nyumba, alisikia jina likishangiliwa, akaegemea ukuta na kulia, na hicho ndicho kilio chake cha kwanza cha sauti. Msomi huyu aliyeweza kuunganisha vigae vya chungu kilichovunjika kabla ya historia hakuunganisha mambo mawili yaliyokuwa chini ya paa lake mwenyewe. Au labda hakutaka. Binti yake alikuwa amerudi. Nani angetaka kuuliza zaidi ya hapo?

Kwa hiyo majirani wakarudia jina la zamani. "Mama Chelimo, habari ya asubuhi!" "Mama Chelimo, umeshindaje?" Na Jepkemboi akawa anageuka upesi.

Hapo ndipo harufu ya ng'ombe ilipoanza, pamoja na harufu nyingine ndani yake, ya moshi uliolala na udongo uliofukuliwa. Halafu mtoto akaanza kukonda. Hakukataa ziwa, hapana. Alinyonya kwa pupa, Jepkemboi akawa mtupu kabisa, ziwa limelegea kama mfuko, na baada ya muda mfupi mtoto alilia tena kwa njaa. Hospitali walimpima, wakasema maziwa ya mama ni mepesi, wakatoa chupa ya dawa. Mama akanywa uji wa wimbi na mursik, maziwa mala ya kibuyuni, mpaka akachoka. Mtoto akazidi kuwa mwepesi, ngozi ya mapaja ikakunjamana, macho yakawa makubwa, na macho hayo hayakumtazama mtu. Yalitazama ukuta wa ofisi.

"Ni yeye," Jepkemboi alimwambia mumewe mchana mmoja wa ukungu, wakati Julai imefunika tambarare yote na kuku hawataki kutoka. Alimshika mkono akampeleka kwenye ukumbi. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na katikati yake, peke yake bila wa pili, palikuwa na wayo mmoja wa mtoto, wa udongo mweusi wenye majivu. Haukuwa wa kichanga. Pembeni yake Jepkemboi alikuwa ameweka kiatu kimoja cha marehemu, kile cha ngozi ambacho Kimeli alikileta kutoka Kampala. Vililingana.

"Mbona hujaufuta?" Kimeli aliuliza.

"Nitafutaje? Baba Chelimo, mimi namsikia. Anakimbia hapa ndani. Anafukuza ndama." Machozi yalikuwa yakimtiririka na bado anatabasamu. "Akiwa mzima alikuwa anaogopa ng'ombe, unakumbuka? Huko alikokuwa wamemfundisha."

Kimeli aliinama akaugusa wayo kwa kidole. Alitaka kumwambia mkewe mahali alipouona udongo kama ule, mweusi wenye majivu, lakini alifikiria treni ya wiki ile, na profesa, na kiti, akajiambia kwamba huzuni inaweza kumwonyesha mama kitu chochote, na kwamba hata yeye mwenyewe pengine ndiye aliyeleta udongo ule kwa mguu wa suruali, ingawa suruali haina vidole. Akachukua kitambaa akafuta wayo ule mwenyewe, na Jepkemboi akamtazama akifuta kama mtu anayetazama kaburi likifukuliwa.

Siku iliyofuata Wepukhulu alikuja na nyundo na misumari kukifunga kisanduku kwa ajili ya safari. Ukungu ulikuwa haujaondoka tangu jana. Kimeli alikuwa mezani ukumbini akiandika kurasa za mwisho, na Jepkemboi alikuwa jikoni na mtoto kifuani, ananyonyesha. Wepukhulu alisimama mlangoni akabisha kama mtu mwenye adabu.

"Hodi! Mama Chelimo, hamjambo huko ndani?"

Kabla Jepkemboi hajafungua kinywa, kitu kiliitika kutoka chumba cha ofisi. Neno lenyewe halikuwa la Kinandi, wala la Kibukusu, wala la lugha yoyote ambayo watu hao watatu waliwahi kuisikia, lakini kuitika hakuhitaji lugha. Kila mzazi anaijua ile sauti ya mtoto aliye mbali akicheza anaposikia jina lake likitajwa, akapaza sauti kwa furaha kwamba nipo hapa, nakuja.

Nyundo ilimponyoka Wepukhulu. "Mwalimu," alinong'ona, "mtoto wako ameanza kuongea lini?"

Kimeli alikuwa ameshainuka mezani. Jikoni mtoto alikuwa ameacha kunyonya na Jepkemboi alikuwa amesimama, uso umemng'aa, tayari kukimbilia ofisini na mtoto kifuani, na Kimeli akamzuia kwa kifua, akaingia yeye, akafunga mlango nyuma yake, na mle ndani harufu ya zizi ilikuwa nzito hata macho yakawasha, na ukungu ambao haukuwa na dirisha la kuingilia ulikuwa umelala sakafuni mpaka magotini, na kisanduku kilikuwa pale pale alipokiweka, kifuniko hakijapigiliwa bado, na akakifunua kwa sababu miaka yote ya kusoma ilikuwa imemfundisha kwamba kinachoogopwa hufunuliwa kikapimwa, na akaondoa pamba ya juu, ambayo ilikuwa imelowa, na akaona yale meno madogo, na jego lililokuwa likichungulia, na juu yake na chini yake na kwenye mfupa wote wa taya, yakidondoka polepole kwenye ushanga, maziwa. Yalikuwa bado yana joto.

Mama Chepkorir aliitwa, akaja kwa miguu, akakataa kuingia. Alikaa kwenye jiwe nje ya uzio, akavuta ugoro, akamsikiliza Kimeli akieleza jinsi alivyolitamka jina lile shimoni. Jepkemboi alisimama karibu akisikia hayo kwa mara ya kwanza. Kikongwe huyo akakifunga kikopo chake cha ugoro.

"Mimi nimekosa pia," alisema. "Niliita mtoto ambaye haitwi. Mlango niliufungua mimi. Lakini wewe, msomi, ndiye ulimpa mtu mwingine ufunguo. Yule wa shimo hakuwa na jina. Watu wake wameisha, hakuna wa kumtaja, amekaa huko akingoja. Ukamwita. Wafanyakazi wako wakamwita. Tulipouliza hapa 'Chelimo?', unadhani nani alikuwa karibu zaidi?"

"Kwa hiyo mtoto wangu si Chelimo," Jepkemboi alisema kwa sauti isiyo na uzito.

"Mtoto wako ni mtoto wako. Hana jina bado. Lakini kila ukisema, 'Chelimo, nyonya,' anayenyonya ni yule anayeitika. Huyu wa mkononi anaangalia tu."

Jepkemboi alimwangalia mtoto, kile kikonde cha vidole kwenye shuka, akakishika.

"Nifanye nini?" Kimeli aliuliza.

"Mrudishe alipokuwa. Umlaze vile ulimkuta. Halafu jina, ulilitoa pale, ulichukue pale pale, kwa mdomo wako. Umwambie si lake. Na ukishasema, urudi nyumbani, usigeuke, na akikuita usijibu. Ukijibu, umemkubali kuwa wako kabisa. Na hapa," alinyoosha kidole kwenye nyumba, "hilo jina lisitajwe tena. Si kwa huyu, si kwa yule wenu aliye kanisani, si kwa nyinyi wawili. Likisikika tu, ataitika."

Hapo ndipo Jepkemboi alipopiga kelele. Aligeuka kwa Kimeli akampiga kifuani kwa ngumi iliyokuwa huru. "Mara ya kwanza alikufa wewe hauko! Sasa unataka kumuua mara ya pili ukiwa hapa? Watu wataniita nani? Nikitaka kumlilia, nimlilie na jina gani?"

Kimeli aliushika ule mkono wake.

"Yeye ni mtoto tu," alisema Jepkemboi, sasa kwa chini, na haikueleweka anamsema yupi kati ya wale watatu. "Ni mtoto, alikuwa na njaa." Kisha mtoto mikononi mwake alijaribu kulia na sauti haikutoka, mdomo tu ulifunguka. Jepkemboi akamfunika uso kumkinga na baridi, akamwambia mumewe bila kumwangalia, "Enda."

Siku ya treni, kwa hiyo, kisanduku hakikwenda stesheni. Kilikwenda Soy juu ya lori la magunia ya ngano, Kimeli na Wepukhulu wamekaa pande zake mbili, na hakuna aliyetaja jina. Wepukhulu alikuwa amekuja kwa hiari yake. Aliulizwa kwa nini, akasema hata yeye alikuwa akiliita lile jina kila asubuhi, na mtu anafaa kuzika alichokiita.

Shambani Kaburu alikuwa ameshaleta trekta karibu na mashimo. Aliwatazama kutoka mbali, akapandisha mabega. Kimeli alishuka shimoni asubuhi hiyo ya kijivu, akaweka kila mfupa mahali pake, na kwa kazi hiyo hakuhitaji mchoro wowote. Ubavu. Magoti yaliyokunjwa. Mkono chini ya shavu. Ushanga. Alijua kwamba anapokiweka kila kidole anakiweka pia kile kiti cha ng'ambo ndani ya udongo, na alishangaa kuona kwamba hilo halimuumi sana. Kilichomuuma ni jinsi mtoto yule alivyokaa vizuri alipolazwa, kama aliyezoea kulazwa na mkono wa mtu.

Wepukhulu alifukia, kisha akapanda juu akamwacha peke yake.

Kimeli alisimama juu ya udongo mbichi. Alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini maneno yalipofika yalikuwa mazito. "Wewe si Chelimo," alisema kwa Kinandi. "Hilo jina ni la mwanangu. Nilikosea kukupa. Mimi si baba yako, na yule si mama yako. Rudi kwa watu wako." Akasita. Alikuwa ametumia maisha yake kuwatafuta hao watu wake, na hakuwa na hata mmoja wa kumwelekeza kwake. "Nisamehe," aliongeza, jambo ambalo Mama Chepkorir hakumwagiza aseme. Halafu akageuka akaondoka.

Baada ya hapo mtoto wa nyumbani alinyonya akashiba. Harufu haikuja tena, asubuhi wala jioni. Mama Chepkorir alirudi na wanawake, wakataja tena majina, safari hii ya wazee tu, na mtoto akapiga chafya moja ndogo ya adabu kwa Tapkigen, nyanya ya nyanya ya Kimeli, mwanamke aliyekufa akiwa hana jino hata moja kinywani na wajukuu wamejaa boma. Akanenepa. Akaanza kuwatazama watu. Majirani walifundishwa kusema Mama Tapkigen, wakakosea mara chache mwanzoni, na kila walipokosea, baba na mama wa nyumba ile walikaa kimya wakisikiliza, lakini hakuna kilichoitika.

Profesa aliandika barua fupi ya masikitiko. Kiti kilipewa kijana mwingine, Mwingereza, mwenye mifupa kamili kutoka mahali pengine. Kimeli alirudi kwenye ubao na chaki. Kaburu alilima mashimo yote, na mwaka uliofuata ngano ilisimama pale, ya kijani kuliko mahali pengine.

Ilipita miezi kabla Jepkemboi hajauliza. Walikuwa wamekaa nje kwenye jua la alasiri, Tapkigen anatambaa kwenye majani mbele yao, ng'ombe wa jirani wanapita barabarani na kengele zao.

"Siku ile ulipomwambia," alisema, "alilia?"

"Hapana," Kimeli alijibu upesi. "Alinyamaza tu."

Jepkemboi akainamisha kichwa, akashukuru Mungu kwa chini, akamnyanyua mtoto.

Lakini alikuwa amelia. Alimfuata Kimeli kutoka ukingo wa shimo, mpaka trekta, mpaka kwenye uzio wa seng'enge ambako Wepukhulu alimngojea bila kusikia chochote, hatua ndogo ndogo nyuma ya hatua zake, na hakuwa akilia kwa lugha yake ile isiyojulikana. Alikuwa amekwisha kujifunza Kinandi, kwa kusikiliza nyumba nzima msimu wote ule. "Baba," alikuwa akisema, "nimekubali, si langu. Basi nipe lingine." Na Kimeli hakugeuka wala hakujibu. Alipita chini ya waya, akapanda lori, na yule mtoto akabaki upande wa pili akiuliza, mpaka injini ikawashwa.